Washauri wa masomo, Kisumu: nyota mbili, na moja ni ya chai

Nimelipa shilingi 3,500 kwa ushauri ambao siku chache baadaye niliupata bure nikiwa nimesimama mbele ya kaunta ya kemisti kule Migosi. Ndiyo sababu naandika. Jina la ofisi sitalitaja, maana sitaki maneno na mtu. Nitasema tu iko ghorofa ya tatu, si mbali na stendi ya mabasi, na ngazi zake zinakukumbusha umri wako.

Mimi nauza mitumba soko la Kibuye, nguo za watoto, huu mwaka wa kumi na sita. Binti yangu Nekesa, kifungua mimba, alipata A- ya pointi 75 katika KCSE. Siku matokeo yalipotoka nilipiga vigelegele mpaka jirani akaja na panga akidhani tumevamiwa. Lakini wiki mbili baadaye nyumba yangu ilikuwa na kambi mbili. Mimi nilitaka udaktari. Yeye alitaka famasia, na si famasia hii ya kawaida: alikuwa ameona kwenye simu kitu kinaitwa Pharm.D, yaani Daktari wa Famasia. Akaniambia, "Mama, wewe si unataka Dokta? Basi huyo hapo, Dokta."

Nikaona huu ni ujanja wa mtoto anayemjua mamake vizuri. Nakiri: nilikuwa nimeshaanza kumsikia mchungaji akitamka, "Mama yake Daktari Nekesa, simama tukuone." Tusidanganyane, wazazi wengi wanaosukuma watoto kwenye udaktari wanasikia sauti hiyo hiyo.

Mama Atieno, tunayepakana vibanda, ndiye aliyetuelekeza kwa hao washauri. Mpwa wake alipitia kwao akaenda India. Nikapiga simu, nikaambiwa ni 3,500 kwa saa moja ya "ushauri wa kina", nilipe kwanza kwa M-Pesa. Nikalipa.

Tulifika Jumanne saa nne kama tulivyoagana. Mapokezi ni mazuri, hilo siwanyimi. Dada wa mezani aliinuka, akanipa mkono, akaniita mama, akatuletea chai ya maziwa yenye tangawizi kwenye vikombe vya udongo, si vile vya plastiki vinavyofanya chai inuke mpira. Ofisi safi, feni inazunguka, ukutani picha za vijana wenye majoho wakirusha kofia. Tulingoja dakika 35. Sikujua kwamba saa yetu moja ilikuwa imeshaanza kuhesabiwa tukiwa tunakunywa chai. Nilijua baadaye, mshauri alipotazama saa ya mkononi na kusimama.

Mshauri mwenyewe ni kijana mtanashati, tai nyekundu, marashi yanayomtangulia. Alichukua karatasi ya matokeo ya Nekesa, akaitazama, akaiweka chini. Kisha akanigeukia mimi: "Mama, bajeti ya familia ni kama ngapi?"

Hilo lilikuwa swali lake la kwanza. Pale Kibuye mteja akisimama kwenye meza yangu simuanzi kwa bei. Namuuliza mtoto ana miaka mingapi, ni mnene au mwembamba, ni nguo ya shule ya Jumapili au ya kuchezea mchangani. Bei inakuja yenyewe. Huyu hakumuuliza Nekesa hata kama anaipenda kemia. Hakumuuliza chochote.

Akatandika brosha mezani. India upande huu, Marekani upande ule. Akasema, "Pharm.D na MD ni ndugu, mama. Wote wanaitwa daktari. Tofauti ni kwamba mmoja wao analala usingizi." Nekesa akacheka. Mimi sikucheka, nilikuwa nahesabu dakika.

Nitampa haki yake: habari za Marekani alizieleza vizuri, na niliporudi nyumbani tukazithibitisha. Kule huingii udaktari kutoka sekondari kama hapa. Unasoma kwanza digrii ya kawaida, aghalabu miaka minne, unafanya mtihani wa MCAT, ndipo unaomba shule ya udaktari ya miaka minne mingine. Ukishapata hiyo MD bado hujawa mtu wa kujitegemea: kuna miaka mitatu hadi saba ya kubobea hospitalini, kutegemea umechagua nini. Daktari wa familia anamaliza mapema, mpasuaji wa ubongo anamaliza akiwa na mvi. Pharm.D ni fupi zaidi. Unaweza kuingia baada ya miaka miwili ya masomo ya chuo, unasoma minne, unafanya mtihani wa leseni uitwao NAPLEX, unaingia kazini. Kubobea hospitalini kupo kwa anayetaka, lakini halazimishwi mtu.

Hapo nilimsikiliza. Nikajisemea, hawa si wabaya. Kisha akafungua brosha ya tatu.

Hiyo ilikuwa ya mafunzo ya kujiandaa kwa mtihani wa PCAT, mtihani wa kuingilia famasia Marekani. Shilingi 18,000, wiki sita, Jumamosi asubuhi. Akasema bila PCAT hakuna shule itakayomtazama, na darasa linajaa haraka. Nekesa akaandika kwenye daftari lake: PCAT, 18,000, Jumamosi. Alama mbili za mshangao.

Nikauliza swali langu moja nililokuwa nimelibeba kutoka nyumbani. "Akimaliza huko India au Marekani akarudi Kenya, ni nani anamwandikisha, na kama nani?"

Akasema, "Hilo ni la baadaye, mama."

Nikamwambia hapana, hilo ndilo la kwanza. Akainua simu, akatoka nje, akarudi, akasema kila kitu kiko sawa, digrii zao zinatambulika dunia nzima. Dunia nzima! Mimi nilikuwa nimeuliza Kenya.

Akaendelea kusema famasia ni kazi tulivu, haina migomo kama udaktari. Hapo nilimtazama vizuri. Mwaka 2024 kaka yangu alikuwa amepangiwa upasuaji wa ngiri mwezi wa tatu. Mgomo ulianza tarehe 14 Machi ukaisha tarehe 8 Mei, siku 56, na kaka yangu alikaa siku hizo zote akitembea ameshika tumbo. Kwa hiyo mgomo ule naujua kama mtu anavyojua deni. Chama kilichogoma ni KMPDU, na hicho ni chama cha madaktari, wafamasia na madaktari wa meno kwa pamoja. Jambo kubwa lililogombaniwa lilikuwa malipo ya wanagenzi, yaani waliomaliza chuo wakiwa kwenye mwaka wa mafunzo hospitalini: mkataba wa 2017 uliwapa shilingi 206,400 kwa mwezi, serikali ikataka kuwalipa 70,000. Mwanagenzi wa famasia alikuwa ndani ya shimo hilo hilo na mwanagenzi wa udaktari. Sasa huyo analala usingizi gani?

Mwisho akaomba shilingi 30,000 za "kushikilia nafasi" India, zisizorudishwa. Brosha ilikuwa na karo ya mwaka, basi. Hosteli haimo, viza haimo, bima haimo. Ile ya Marekani iliandikwa dola 38,000 kwa mwaka. Nekesa alipiga hesabu pembeni kwa shilingi 129, ikaja karibu milioni tano, kwa mwaka mmoja. Ningeuza soko zima la Kibuye na lile la Jubilee juu.

Watu wa mitumba tunajua kununua kitu kilichofungwa. Belo la kilo 45 hulifungui kabla ya kulipa. Unaweza kukuta kamera tupu, nguo ambazo hata lebo haijatoka, au ukakuta fagia ya kupangusia viatu. Ni bahati. Lakini hata belo lina karatasi juu: limetoka nchi gani, lina uzito gani, ndani ni nguo za watoto au mapazia. Hii nafasi ya 30,000 haikuwa na karatasi. Nikamwambia tutafikiria. Akatazama saa, akasimama. Dakika 25 kamili.

Tukiwa kwenye ngazi yule dada wa mapokezi alitufuata, akajifanya anarudisha kalamu ya Nekesa. Akasema kwa sauti ya chini, "Mama, kabla hujalipa kitu, waulize Bodi ya Dawa na Sumu, wanaoandikisha wafamasia." Kisha akarudi juu. Nyota ya chai ni yake. Ya pili ni ya maelezo ya Marekani.

Ndani ya matatu Nekesa alikuwa na simu yake, mimi nina mawazo yangu. Tulipofika Kondele akaacha kupekua. Akanionyesha kioo. PCAT ilifutwa. Mara ya mwisho kufanywa ilikuwa Januari 2024. Haupo huo mtihani. Hakuna mtu yeyote duniani atakayeufanya tena, awe na 18,000 au asiwe nazo.

"Labda hawajui," Nekesa akasema.

Nikamwambia mwenye duka asiyejua kwamba maziwa yake yameganda naye ni shida ile ile. Konda akacheka. Sikujua alikuwa anasikiliza.

Siku iliyofuata nilipitia kemisti ya mtaani kuchukua dawa za mama yangu. Mwenye kemisti ni mfamasia wa digrii, cheti chake kiko ukutani pamoja na leseni ya mwaka. Namjua tangu afungue. Nikamsimulia. Akacheka mpaka akavua miwani. Kisha akasema, "Mlete huyo msichana akae hapa siku mbili. Asiguse dawa. Apange maboksi, atazame."

Siku ya kwanza nilifika saa kumi na moja jioni kumchukua, nikakuta foleni. Kitu cha kwanza nilichosikia: "Dokta, nipe ya kichwa." Wa pili: "Dokta, mtoto ana homa." Kila mtu anamwita dokta. Yule kijana msaidizi wake mwenye diploma, dokta. Na mzee mmoja alimwona Nekesa ameshika boksi la glavu akamwambia, "Dokta, wewe ni mgeni?" Nekesa akanitazama juu ya boksi. Sikusema kitu. Jina nililokuwa tayari kulinunua kwa milioni tano kwa mwaka lilikuwa linagawiwa pale kama peremende za chenji.

Mzee huyo ndiye ninayetaka kuwaeleza. Alikuja kununua dawa ya kikohozi, chupa ya tatu katika miezi miwili. Kikohozi kikavu, hakitoi kitu, kinamsumbua zaidi usiku. Mfamasia hakuifikia rafu. Akamuuliza, "Mzee wangu, kuna dawa nyingine unakunywa kila siku?" Akasema hapana. "Hata ya presha?" Ah, ya presha ndiyo, lakini hiyo si ugonjwa, hiyo ni kawaida. "Unayo hapo?" Mzee akachomoa kwenye mfuko wa koti kipakiti kilichokunjwa mara nne. Enalapril. Alianzishwa karibu wakati ule ule kikohozi kilipoanza.

Mfamasia akamweleza, taratibu, kwamba dawa hiyo ni nzuri lakini watu wengine inawaletea kikohozi kikavu, na syrup haiwezi kukitibu hata akinywa ndoo. Akamwambia asiiache ghafla, presha itapanda. Arudi kliniki abadilishiwe, kuna aina nyingine isiyo na tabia hiyo. Akachukua karatasi akamwandikia daktari mistari mitatu, akaikunja, akaitia ndani ya kile kipakiti ili isipotee. Syrup hakumuuzia. Alikataa shilingi 350 zilizokuwa zimeshatolewa mfukoni.

Nekesa alikuwa ameacha kupanga maboksi.

Mzee alipoondoka akamuuliza, "Kwa nini hukumbadilishia wewe?" Akajibu, "Kwa sababu sikumpima, sijui figo zake zikoje, na sheria hainiruhusu. Mimi najua dawa inamfanyia mtu nini. Daktari anajua mtu ana nini. Ukichanganya hizo kazi mbili kuna mtu atazikwa." Nimemnukuu karibu neno kwa neno kwa sababu Nekesa aliliandika kwenye daftari lile lile la PCAT.

Na si kwamba kazi ni ya ushujaa kila saa. Dakika kumi baadaye alikuja mama mmoja, anataka amoxicillin tatu tu, si dozi. Pesa anazo za tatu. Mfamasia akamuuliza ni ya nani, cheti cha daktari kiko wapi, akakataa. Yule mama akamtukana vizuri tu, kwa Kiluo na Kiswahili, akaingia duka la pili kutoka pale, akatoka na kikaratasi mkononi. Nekesa alikasirika. Mfamasia akasema ndivyo ilivyo, kila siku, na kodi ya nyumba inangoja tarehe tano.

Halafu ndipo nikapata ule ushauri wa kina. Bure, kati ya wateja. Hapa Kenya Shahada ya Famasia ni miaka mitano na mmoja wa uanagenzi. MBChB, yaani digrii ya udaktari, ni miaka sita na mmoja wa uanagenzi, na ukitaka kuwa bingwa wa kitu ongeza mingine kadhaa. Zote mbili unaingia moja kwa moja kutoka Kidato cha Nne kupitia KUCCPS, wale wanaopanga wanafunzi vyuoni, kwa pointi za klasta kati ya 48, na hata huku kwetu udaktari upo: Maseno, Masinde Muliro pale Kakamega, Moi kule Eldoret, Egerton. Famasia iko, kwa mfano, Nairobi, na Kabarak hapo Nakuru. Aliyesoma nje akirudi, digrii yake inapimwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, kisha mfamasia anakwenda kwa Bodi ya Dawa na Sumu, daktari kwa KMPDC, baraza la madaktari, na kuna mtihani kabla ya kuruhusiwa uanagenzi. Hilo ndilo lililokuwa "la baadaye".

Na Pharm.D? Akasema ya India ipo kweli, walianza 2008, ni miaka sita pamoja na mwaka wa uanagenzi. Si uongo, si digrii mbaya. Lakini akirudi hapa ataandikishwa kama mfamasia, bega kwa bega na aliyemaliza mitano Nairobi. Herufi za mbele ya jina hazimpi kalamu ya kuandikia wagonjwa dawa.

Kuhusu Marekani akanipa kitu ambacho yule wa tai nyekundu angenipa ningekwenda nimefurahi na kumlipa tena. Mwenye digrii ya famasia ya miaka mitano kutoka nje haanzi Pharm.D upya kule. Wanataka digrii iwe ya miaka mitano kwa waliomaliza kuanzia 2003, na yetu ni mitano. Anafanya mtihani wa usawazisho, FPGEE, anathibitisha Kiingereza, anafanya saa za mafunzo kazini, kisha NAPLEX kama Mmarekani yeyote. Mwenzake wa darasa amepitia njia hiyo, yuko Texas. Daktari naye ana njia yake, mitihani ya USMLE, lakini huyo kwa kawaida inabidi aingie tena miaka ya kubobea hata kama hapa alikuwa bingwa. Na shule nyingi za udaktari za Marekani hazipokei mwanafunzi wa kigeni aliyetoka moja kwa moja nje. Kwa hiyo kama Nekesa ana hamu ya Marekani, mlango wa karibu unapitia Nairobi. Ofisi haipati kamisheni ukipitia Nairobi.

Kwa haki ya kambi yangu nilimpeleka pia kwa daktari mmoja kijana aliyemhudumia kaka yangu ngiri ilipopasuliwa hatimaye. Mwanagenzi wakati ule, sasa ameajiriwa. Tulimpata nje ya wodi anakula chapati kavu saa kumi. Hakuwa na muda, akamuuliza Nekesa swali moja tu. "Ukimwona mgonjwa amelala pale, unataka kujua nini kwanza?"

Nekesa akafikiri. "Kwa nini dawa aliyopewa mara ya kwanza haikumsaidia."

Daktari akamaliza chapati yake. Akanitazama mimi, si yeye, akasema, "Mama, pole." Akacheka, akaingia ndani.

Ilichukua sekunde ishirini. Nilipolipa 3,500 nilikuwa nalipia swali hilo.

Jumatatu tulikwenda saiba, Nekesa akajaza maombi ya KUCCPS, famasia juu, na udaktari chini yake kwa ajili ya amani ya nyumba. Bado inaniuma kidogo, sitaki kudanganya. Mchungaji nimeshamtayarisha.

Kuhusu ofisi: chai nzuri, vyoo safi, ngazi mbaya, muda wanauiba. Ukienda, nenda na swali la nani anamwandikisha mtoto akirudi, na usitoke hapo bila jibu lililoandikwa. Pesa ya kushikilia nafasi usitoe. Nilipiga simu kuomba angalau nusu ya pesa yangu na kuwaarifu kuhusu PCAT. Wakanishukuru sana. Jana wameniletea ujumbe: kama mteja wa zamani, darasa la PCAT nitalipata kwa 15,000.